Zohali na Mshtarii Chumba Kimoja: Mwongozo Kamili wa Kusoma Mkutano wa Sayari na Athari Zake Nyumbani

Jioni ya tarehe 21 Desemba 2020, aliyetazama upande wa magharibi jua lilipokwisha kuzama aliona nyota mbili zimebanana kiasi cha kudhaniwa ni moja. Iliyong'aa zaidi ilikuwa Mshtarii. Ile hafifu, yenye rangi ya mchanga, ni Zohali. Pengo kati yao lilikuwa sehemu moja ya kumi ya digrii, yaani kama moja ya tano ya upana wa Mwezi. Tangu mwaka 1623 hazikuwahi kusogeleana namna ile, na hazitakutana tena mpaka mwisho wa Oktoba 2040.

Katika Jyotishi, unajimu wa Kihindi, tukio hilo huitwa yuti: mkutano. Mtoto aliyezaliwa siku zile anaubeba mkutano huo maisha yote kwenye ramani yake, yaani mchoro wa mahali sayari zilipokuwa alipozaliwa. Ndiyo maana mpaka leo naletewa ramani za watoto wa wakati ule, na swali la mzazi ni lile lile: nyumbani kutakuwaje? Mama atapata raha? Nyumba tutajenga? Tutaishi pamoja?

Nitautumia mkutano huo mmoja kuonyesha kazi nzima, hatua kwa hatua. Mahali sayari zilipokuwa panapimika, na yeyote anaweza kuhakiki. Maana zake ni mapokeo ya Wahindi ya karne nyingi, si jambo lililothibitishwa maabara, nami nayaeleza kama mapokeo. Ila kuna jambo moja nalisema mapema kwa sababu likikosewa linaumiza watu: mkutano wa sayari haujawa na maana mpaka ujue umefanyika katika nyumba ya nani. Mpangaji yuleyule, akihamia kwa mwenye nyumba mwingine, anaishi maisha mengine kabisa.

Maneno ya kuanzia

Sayari za Jyotishi ni tisa: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zohali, pamoja na Rahu na Ketu. Hizi mbili za mwisho si magimba. Ni pale njia ya Mwezi inapokata njia ya Jua, na wazee wa Kihindi walizieleza kama kichwa na mkia wa joka.

Buruji ni zile 12 tunazozijua: Kondoo (wengine huiita Punda au Hamali), Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipotoka tumboni huitwa lagna. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza. Inayofuata ni ya pili, na kuendelea mpaka ya 12.

Hatua ya 1: Ipate saa ya kuzaliwa, na uipate kwa Kiswahili

Hapa ndipo sisi tunapoharibu kazi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua ramani ya mfano, si ya mtoto wa mtu, nimeichora kwa ajili ya somo hili: mtoto amezaliwa Dar es Salaam, Jumatatu tarehe 21 Desemba 2020, "saa tisa". Mama amesema saa tisa. Anayeingiza kwenye programu ya simu anaandika 9:00. Programu inaelewa asubuhi, inamtolea lagna ya Mbuzi, na mkutano wa Zohali na Mshtarii unaangukia nyumba ya kwanza: mwili na tabia ya mtoto. Mwingine anasikia neno "usiku", anaandika 21:00. Sasa lagna ni Kaa, mkutano umehamia nyumba ya saba, na mtu anaanza kuzungumzia ndoa ya mtoto mchanga. Kumbe mama alimaanisha saa tisa ya usiku wa manane, 3:00 kwa saa ya programu. Lagna sahihi ni Mizani, na mkutano uko nyumba ya nne, nyumba ya mama na makazi. Neno moja, ramani tatu.

Kisha kuna siku yenyewe. Mtu wa pwani akisema "usiku wa Jumatatu" mara nyingi ana maana ya usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa sababu siku yake huanza jua linapozama. Mwingine, hasa aliyekulia mjini, ana maana ya Jumatatu jioni kwenda Jumanne. Usikisie. Uliza: "Mama, kulipokucha ilikuwa siku gani?"

Kama saa haikuandikwa kwenye kadi ya kliniki, mtafute bibi au mkunga aliyekuwapo. Muulize kama adhana ya alfajiri ilikuwa imeshalia, kama majogoo yalikuwa yamewika, kama taa ilikuwa imewashwa. Lagna hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo kumbukumbu ya adhana peke yake inaweza kukutoa kwenye kosa la nyumba nzima. Nimewahi kukaa na bibi mmoja nusu saa tukifuata chai iliyokuwa jikoni usiku ule, nani aliipika na nani aliinywa, mpaka tukaipata saa.

Hatua ya 2: Weka programu kwenye hesabu ya Kihindi

Wanajimu wa Magharibi huanza buruji zao pale Jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Jyotishi huzipima kwa nyota zenyewe. Tofauti ya vipimo hivi viwili inaitwa ayanamsha, na kwa sasa ni digrii 24 na kidogo. Chagua ayanamsha ya Lahiri. Ndiyo serikali ya India iliyoipokea kwa kalenda yake ya taifa miaka ya 1950, na wanajimu wengi wanaitumia.

Kwa mfano wetu, gazeti la Ulaya liliandika kwamba sayari hizi zilikutana mwanzo kabisa wa Ndoo. Kwa Lahiri zilikuwa digrii ya 6 ya Mbuzi, ambayo Wahindi huiita Makara, mnyama wa majini mwenye sura inayokaribia mamba. Ukichanganya maelezo ya mfumo mmoja na ramani ya mwingine, hutasoma chochote cha kweli kwa mfumo wowote.

Hatua ya 3: Pima ukaribu wao

Kwa kawaida sayari mbili zikiwa katika buruji moja, Jyotishi inazihesabu kuwa zimekutana. Lakini kuishi mtaa mmoja na kulala kitanda kimoja si mamoja. Mshtarii na Zohali walikaa pamoja ndani ya Mbuzi kuanzia tarehe 20 Novemba 2020 mpaka mwanzoni mwa Aprili 2021. Mtoto wa Aprili mosi ana "mkutano" kwa jina, ila pengo limeshafika kama digrii 12. Mtoto wetu wa Desemba, pengo lake halifiki hata nusu ya digrii.

Pengo likiwa chini ya digrii moja, na sayari zote mbili ni kati ya Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali, mapokeo yanasema hapo pana vita vya sayari. Nani ameshinda? Wengine humpa ushindi aliye kaskazini zaidi, wengine anayeng'aa zaidi. Desemba ile Zohali alikuwa kaskazini na Mshtarii aling'aa zaidi, kwa hiyo kanuni hizi mbili zinapingana. Mimi hapo sitangazi mshindi. Nazisoma zote mbili kuwa zimechoka, na naingia hatua inayofuata, kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayeamua mabishano ya wapangaji.

Angalia pia Jua. Sayari ikilisogelea mno huungua, yaani hupoteza nguvu: Mshtarii ndani ya digrii 11, Zohali ndani ya 15, Mirihi ndani ya 17. Siku ile Jua lilikuwa digrii ya 5 ya Mshale, buruji nzima nyuma yao. Hakuna aliyeungua.

Hatua ya 4: Nani mwenye nyumba?

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kila buruji ina mwenyewe. Kondoo na Nge ni za Mirihi. Ng'ombe na Mizani ni za Zuhura. Mapacha na Mashuke za Utaridi. Kaa ya Mwezi. Simba ya Jua. Mshale na Samaki za Mshtarii. Mbuzi na Ndoo za Zohali. Sasa tazama mkutano umefanyika kwa nani. Mbuzi ni ya Zohali. Zohali yuko kwake, funguo anazo, anajua paa linapovuja. Mshtarii ni mgeni, na si mgeni tu: Mbuzi ndiyo buruji anayodhoofika kuliko zote.

Nguvu na udhaifu huenda hivi. Jua hutukuka Kondoo, Mwezi Ng'ombe, Mirihi Mbuzi, Utaridi Mashuke, Mshtarii Kaa, Zuhura Samaki, Zohali Mizani. Buruji inayokabili hapo, ya saba kuihesabu, ndipo sayari inapodhoofika. Mshtarii hutukuka Kaa, basi hudhoofika Mbuzi.

Ila mapokeo yana kifungu cha rehema: mwenye buruji ile akiwa na nguvu katika nyumba ya 1, 4, 7 au 10 kutoka lagna au kutoka Mwezi, udhaifu wa mgeni huvunjwa. Katika ramani yetu Zohali yuko nyumbani kwake, na iko nyumba ya nne. Masharti yametimia. Mshtarii anaanza kwa kupungukiwa, kisha anainuliwa na mwenyeji wake. Tena Zohali kuwa kwake katika nyumba ya pembe, yaani mojawapo ya hizo nne, kunaunda yoga (mpangilio maalumu wa sayari) iitwayo Sasa, moja kati ya yoga tano kuu za sayari, ya mtu anayepata mamlaka kwa uvumilivu na kazi.

Linganisha na tarehe 28 Mei 2000, Mshtarii na Zohali walipokutana mwishoni mwa Kondoo. Kule mwenye nyumba ni Mirihi, na anayedhoofika ni Zohali. Sayari zilezile mbili, lakini safari hii ni mzee wa kazi aliyefungiwa kwa kijana mwenye haraka. Anayekuambia "Mshtarii na Zohali humaanisha hivi" bila kuuliza walikutana wapi, hajasoma.

Hatua ya 5: Kila mpangaji amekuja na mzigo gani?

Sayari huingia na mambo ya nyumba inazozimiliki. Kwa lagna ya Mizani, Zohali anamiliki nyumba ya 4 na ya 5: makazi na watoto. Kumiliki nyumba ya pembe (ya 4) pamoja na ya baraka (ya 5) kunamfanya kuwa rafiki mkubwa wa ramani hii, yule anayeitwa yogakaraka. Wengi wanaposikia jina Zohali wanashika kichwa. Kwa mtu wa Mizani ni kama kumwogopa babu aliyemjengea nyumba.

Mshtarii, anayesifiwa na kila mtu, kwa Mizani anamiliki nyumba ya 3 na ya 6. Ya tatu ni ndugu na juhudi za mikono. Ya sita ni madeni, maradhi na ugomvi. Kwa hiyo anapoingia nyumba ya nne hakuja na heri peke yake. Kwapani ana karatasi ya mkopo.

Kwa mambo ya nyumbani, nyumba hizi ndizo za kuchungulia. Ya 4 ni mama, makazi, ardhi, gari na utulivu wa moyo. Ya 2 ni ukoo uliozaliwa, chakula, akiba na maneno yanayosemwa mezani. Ya 7 ni mwenza, ya 5 watoto, ya 12 kitanda, usingizi na gharama. Ya 8 ni mirathi na yale yasiyosemwa. Ukipata mkutano kwingineko, bado tazama mwenye nyumba ya nne amekwenda wapi. Mtu wa lagna ya Mshale, kwa mfano, mkutano wa 2020 unamwangukia nyumba ya pili, lakini Mshtarii ndiye mwenye nyumba yake ya nne. Makazi yake yameingia kwenye hesabu za akiba ya ukoo, yakiwa dhaifu, mikononi mwa Zohali. Hapo nauliza habari za kiwanja cha familia kabla sijauliza jingine.

Hatua ya 6: Tabia za wanaokutana

Baada ya umiliki ndipo uje kwenye tabia, si kabla. Nataja mikutano inayogusa nyumba mara kwa mara, kwa ufupi, kwa sababu vitabu vimejaa orodha hizi na orodha ndizo zinazowapotosha wanaoanza.

Mwezi na Zohali: mama au mlezi aliyebeba mengi kimya kimya, mapenzi yanayoonyeshwa kwa kazi kuliko kwa maneno. Mirihi na Zuhura: mvuto mkali kati ya wenza, na ugomvi unaowaka haraka. Mirihi na Zohali: breki na mafuta vikikanyagwa pamoja, ujenzi unaoanza na kusimama. Jua na Zuhura wakikaribiana: mwenza anayefunikwa na hadhi ya mwingine. Mwezi na Mshtarii: ukarimu, nyumba yenye wageni na sahani ya ziada. Rahu na Mshtarii: kuhoji dini na desturi za wazazi, jambo linaloweza kuwa uasi au kuwa elimu.

Mshtarii na Zohali ni mwalimu na mzee wa kazi. Mmoja anataka kupanua, mwingine anataka kupima kwanza. Wakielewana, nyumba ina sheria zenye hekima. Wasipoelewana, kila furaha inaombewa kibali.

Sayari zikizidi tatu, punguza sauti. Mwanzoni mwa Februari 1962 Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura na Zohali zilikusanyika ndani ya Mbuzi pamoja na Ketu, sayari nane kwa mpigo. India ilishikwa na hofu ya kiama. Watu walifanya ibada kubwa za moto na maombi ya siku nyingi. Siku zikapita, watu wakarudi makazini. Kila mwanafunzi wangu namsimulia hilo kabla hajamtisha mama wa mtu.

Hatua ya 7: Nani anatazama kutoka nje?

Kila sayari hutazama nyumba ya saba kutoka ilipo. Mirihi huongeza ya 4 na ya 8, Mshtarii ya 5 na ya 9, Zohali ya 3 na ya 10. Katika mfano wetu Mirihi yuko mwisho wa Samaki, nyumba ya sita. Hesabu macho yake: hayafiki Mbuzi. Hilo ni jambo jema, maana Mirihi akitazama nyumba ya nne yenye Zohali, mapokeo hutaja migogoro ya mipaka, moto na mafundi wanaoacha kazi njiani.

Zohali mwenyewe, kwa jicho la kumi, anaitazama lagna. Mtoto huyu anatajwa kuwa mzito wa maneno, anayekua mapema. Na wote wawili wanaitazama Kaa, nyumba ya kumi ya kazi. Nyumba na kazi zinatazamana bila ukuta.

Hatua ya 8: Soma tena kutoka kwa Mwezi

Mwezi ni mama, na ni moyo. Katika ramani hii uko Ndoo, kama digrii ya 24, nyumba ya tano. Ndoo ni ya Zohali pia. Basi nyumba ya nne ni ya Zohali, na Mwezi wa mama umelala kwa Zohali. Ushuhuda ukitoka pande mbili ndipo nafungua mdomo. Ukitoka upande mmoja nauandika pembeni na kusubiri.

Kutoka kwa Mwezi, Mbuzi ni nyumba ya 12: usingizi na gharama. Nyumba itapatikana, ila itakula pesa, na itamkosesha mtu usingizi.

Fungua pia ramani ndogo mbili kwenye programu. Navamsha, ya tisa, hupima nguvu ya ndani na ndoa. Hapo sayari zote mbili ziko Ndoo. Mshtarii ametoka kwenye udhaifu, lakini bado anaishi kwa Zohali. Ramani ya nne, ya makazi, inawaacha palepale Mbuzi. Hakuna linalopinga tulichokwisha kuona.

Hatua ya 9: Lini?

Mkutano ni ahadi. Dasha, yaani zamu za sayari kutawala miaka ya mtu, ndiyo kalenda yake. Mfumo unaotumika sana ni Vimshottari, wenye mzunguko wa miaka 120: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Unaanzia kwenye manzili ya Mwezi, yaani kituo cha anga ulipokuwa mtoto alipozaliwa. Wahindi wanahesabu manzili 27, kila moja digrii 13 na dakika 20.

Mwezi wa mtoto wetu uko manzili ya Purva Bhadrapada, ambayo ni ya Mshtarii, na theluthi moja ya manzili imeshapita. Kwa hiyo alizaliwa ndani ya dasha ya Mshtarii, ikiwa imebaki kama miaka 10 na nusu. Inamfikisha katikati ya 2031. Kisha inaingia dasha ya Zohali, miaka 19, mpaka kama 2050.

Tazama ilivyopangika. Utoto wote ni zamu ya mgeni mwenye karatasi ya mkopo, kisha kuanzia miaka 10 mpaka 29 ni zamu ya mwenye nyumba. Na Zohali hurudi mahali pake baada ya miaka 29 na nusu hivi, karibu na mwisho wa zamu yake hiyo. Ramani nyingi huwaona wapangaji hawa wawili wakishika zamu miaka mingi mbali na hapo, na huko mkutano unaweza kukaa kimya nusu ya maisha. Hii inazungumza tangu siku ya kwanza.

Mwendo wa sasa wa sayari huongezwa juu ya dasha, haupiti mbele yake. Katikati ya 2026, kwa mfano, Mshtarii anaingia Kaa, anapotukuka, na kutoka hapo anaitazama Mbuzi moja kwa moja. Kwa familia hii ningesema ni kipindi kizuri cha kupanga upya deni la nyumba.

Hatua ya 10: Kulipeleka neno nyumbani

Niliwahi kumkuta mama mmoja aliyeambiwa na mnajimu kwamba mwanawe, mwenye Zohali nyumba ya nne, ni mkosi kwa mama yake. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Mama alikuwa ameanza kumlaza kwa shangazi. Hakuna kanuni ya Jyotishi inayoruhusu neno hilo. Nyumba ya nne ya mtoto inaonyesha vile mtoto atakavyouonja umama, haimhukumu mama wala haimfanyi mtoto kuwa ugonjwa. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Kwa hiyo shika miiko hii. Usitabiri kifo wala talaka. Usimwambie mtu aache dawa, asisaini au asaini mkataba, kwa sababu ya sayari. Usiuze jiwe. Yakuti ya samawati ya Zohali ni ghali, na nimeona watu wakikopa ili waivae, kumbe ramani yao ilikuwa inalia madeni. Mapokeo yenyewe yana tiba za bei nafuu zinazokaa vizuri nyumbani: kwa Zohali, Jumamosi kuwalisha wanaofanya kazi ngumu, kutoa ufuta, kumlipa dada wa kazi kwa wakati; kwa Mshtarii, Alhamisi kutoa dengu au kitu cha manjano, na kumheshimu mwalimu. Asiyeamini sayari hapotezi kitu kwa kumlipa dada wa kazi tarehe 30.

Anza na maswali kabla ya majibu. Kwa ramani hii mimi ningeuliza matatu. Nyumba mnayoishi ni ya nani, na kuna mkopo juu yake? Bibi au babu anaishi nanyi? Mama, unafanyia kazi zako nyumbani?

Kisha ningemwambia hivi, polepole, akiwa na mtoto mapajani: "Mama, kwenye ramani hii naona nyumba inayojengwa tofali kwa tofali. Miaka ya mwanzo ina deni au matibabu yanayokula akiba, na ndugu wa upande mmoja wana mkono wao humo. Mzigo mwingi umekuwa wako na hukusema. Mtoto huyu atakuwa mpole wa maneno, atapenda kukaa na wazee. Muacheni akae nao. Kuanzia miaka kumi, nyumba inaanza kutulia na kuwa yenu kweli. Haraka haipo hapa. Nieleze sasa, katika haya, lipi lipo na lipi halipo?"

Halafu nanyamaza na kushika kalamu. Akisema halipo, naandika halipo, na narudi kwenye hatua ya kwanza kuuliza tena kuhusu ile saa tisa.